Maziwa Kwenye Moto

Nilizaliwa katika familia ya wakulima wa Masisi, nikaolewa na mtoto wa wafugaji, Mkristo kama mimi. Baba yake hakuwa amebatizwa. Kwa wafugaji wale maziwa hayakuchemshwa: waliamini kwamba yakiguswa na moto, kiwele cha ng'ombe kinapasuka na maziwa yanakatika. Kwetu bondeni tulichemsha kila kitu bila kufikiri.

Mtoto wetu wa kwanza alipoanza kuharisha, muuguzi wa dispanseri aliniambia nimpe maziwa yaliyochemka tu. Mume wangu alikuwa ameenda Bweremana kuuza siagi. Ng'ombe aliyekuwa na maziwa alikuwa mmoja. Mtoto alikuwa amelegea, macho yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiivuta ilichelewa kurudi. Niliweka chungu kwenye moto.

Baba mkwe aliingia kabla maziwa hayajapata moto.

"Mama, mu ile chungu muko nini?"

"Maziwa, Papa."

"Basi ungeweka na ng'ombe mwenyewe ku moto, tumalize mara moja."

Kwao mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, wala hajibizani naye. Nilitazama miguu yake. Alikuwa na fimbo, na sikujua kama angekipiga chungu au angenipiga mimi.

Nilikuwa nimejifunza kusoma peke yangu, kwa kulinganisha nyimbo nilizokwisha kuzishika na herufi za kitabu cha kanisa. Majibu ya dini niliyapanga kichwani moja baada ya jingine, nikidhani kutetea imani ni kumnyamazisha anayeuliza. Pale jikoni sikuona hata moja la kunifaa.

"Uape kwa Mungu wako kama ng'ombe haitakauka," akasema. "Ukiapa, nitatoka."

Njia ilikuwa fupi: neno moja, na mtoto angekunywa. Lakini ng'ombe hukauka kwa sababu nyingi. Akikauka, mzee angejua kwamba Mungu wangu ni mwongo, na ningekuwa mimi niliyemfundisha hivyo.

"Siwezi kuapa, Papa. Sijui."

"Haujui? Sasa unaamini nini?"

"Naamini ni Mungu aliumba moto na ng'ombe. Huu moto hauwezi kutoka hapa kwenda kuunguza kiwele. Lakini ng'ombe inaweza kukauka sababu ya majani ao ugonjwa. Ikikauka, nitaendelea kumuomba."

"Na mutoto akikufa?"

Hilo ndilo nililoliogopa tangu asubuhi, na sasa lilikuwa limetamkwa mbele ya mtoto mwenyewe.

"Nitalia, Papa. Na nitamuomba."

Maziwa yakaanza kupanda. Niliogopa kuyaondoa, niliogopa kuyaacha.

"Mwalimu wenu wa kanisa angeniapia mbio mbio," akasema. "Ondoa, yanamwagika. Ya mutoto tu. Yangu usiguse."

Tangu siku hiyo alikamua mwenyewe, na mimi nilisimama nyuma ya ukuta nikisikiliza maziwa yakigonga kibuyu. Kila sauti ilipopungua, nilisogeza sikio karibu zaidi. Kuharisha kulipungua polepole, mtoto akaanza kulia kwa nguvu, nikafurahi kusikia kilio. Lakini hofu haikuondoka, kwa kuwa majani ya kiangazi yalikuwa yameanza kukauka kilimani.

Asubuhi moja mzee alikuja na kibuyu chepesi.

"Imepunguka," akasema.

Nilingoja aseme ni moto wangu. Alimtazama mtoto aliyekaa kwenye mkeka akivuta nyuzi zake. Akatazama kilima kilichokuwa chekundu kwa ukavu.

"Majani iko mubaya," akasema.

Kisha akamimina maziwa yote ndani ya chungu cha mtoto, hata yale yake, akakaa kando ya moto kungoja yachemke.

Hakubatizwa mwaka ule. Wala mimi sikumuuliza habari za ubatizo.