Orodha ya Bi Somoe

Nakumbuka siku moja ya kikao, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka naona haya. Ndiyo kwanza nilikuwa nimekabidhiwa ofisi ya elimu ya wilaya, kijana, suruali imepigwa pasi hadi inakata. Nilimpa Bi Somoe, mwalimu wa siku nyingi kutoka Nyangamara, kazi ya kuwapangia vituo walimu wapya. Nikamwambia, "Hii ni kazi yako, mimi sikuingilii." Uongo mtupu!

Wiki mbili alizunguka kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Akajua shule ipi haina mwalimu wa hesabu, ipi haina hata chumba cha kumlaza mgeni. Siku ya kikao akasimama mbele ya walimu wakuu asome orodha yake. Mimi nikamkatiza, nikasoma ya kwangu, niliyoipanga nimekaa kitini. Kisa? Niliogopa wataona yeye ndiye anayeendesha ofisi. Akaikunja yake, akakaa.

Tangu hapo, yule mama aliyekuwa akibishana nami mpaka chai inapoa, akawa kila karatasi ananiletea. "Mkuu, hii niigonge mhuri wapi?" Nami, mjinga wa watu, nikadhani ndiyo heshima. Mwezi haukwisha akaleta barua ya kuomba kurudi darasani. Nilimsihi sana. Akaniambia taratibu, "Baba, kazi ya kugonga mihuri siiwezi. Nitazeeka vibaya."

Baadaye nilikwenda kukagua shule aliyopangiwa. Sijafika hata mlangoni, nikamsikia anacheka na wanafunzi wake, kicheko cha nguvu. Kicheko kile kilikuwa ofisini kwangu, wallahi, nikakizima mwenyewe. Nikasimama nje, machozi yananilenga, nikashindwa kuingia kumwomba radhi. Nikasema nitarudi. Sikurudi, na sasa Bi Somoe hayupo duniani.

Leo nawe umepewa ofisi, umekuja hadi huku Mitwero kuniaga. Basi nisikilize. Ukimpa mtu kazi, mpe na uamuzi wake. Akikosea, mrekebishe mkiwa wawili, si mbele ya watu. Mwenye kujua kuliko wewe mwache aonekane, hakupunguzii kitu. Na ukimvunja mtu moyo, mwombe radhi siku hiyohiyo, usingoje kesho kama mimi.

Mola akujaalie moyo usiomwogopa aliye hodari, na wanaokufanyia kazi waamke asubuhi wanataka kuja. Nenda, mwanangu. Radhi yangu unayo.