Magugu Aliyoyalinda Ouseph

Aleykutty alikuwa mvushaji. Kabla yake alikuwa mumewe, na mumewe alipofariki hakuna aliyeitisha kikao cha kutafuta mwingine. Baada ya mazishi watu walikuja ukingoni wakapiga ukelele kama walivyozoea, naye akatoka ndani na blauzi yake nyeupe na shuka lake lenye marinda nyuma kama mkia wa ndege, akashika upondo, akawavusha. Ikawa hivyo mpaka nywele zikafanana na blauzi. Kijiji kizima kilimwita Chedathi, dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri.

Kivuko chake kilikuwa pale mto unapopinda, kanisa na shule vikiwa ng'ambo. Mto ukipinda maji husinzia, na maji yakisinzia magugu huja. Huku kwetu Kuttanad tunayaita magugu ya Afrika. Mimi sijui Afrika ilimkosea nani, maana waliosoma wanasema yametoka Brazili, lakini jina likishaganda limeganda. Ni vijani vidogo vyenye vinyweleo, ukivitazama kimoja kimoja utavionea huruma. Vikijaa, mto unakuwa mkeka. Nimewahi kumwona kuku wa Rahel akivuka mto kwa miguu bila kulipa nauli, na Chedathi amesimama kwenye mtumbwi akimtazama kama anayetazama mwizi.

Mwaka huo yalizidi. Kumvusha mtu mmoja kulikuwa kama kulima. Mjumbe wa halmashauri ya kijiji, Vasu, akaja na mwavuli wake akatangaza mbele ya watu: ikifika Onam, sikukuu yetu ya mavuno, na kivuko bado hakipitiki, kazi atapewa Ouseph mwenye boti la injini.

"Injini yangu itayakata kama nywele za askari," akasema Ouseph, mwanamume mwenye tumbo la heshima na masharubu yaliyotangulia mbele yake.

"Na mimi nitafanya nini?" akauliza Chedathi.

"Utapumzika, Chedathi. Umechoka."

"Nipumzikie wapi? Nchi kavu naijua mimi?"

Watu walicheka, yeye hakucheka. Kwa kweli hakuijua. Hata sokoni alitembea akiwa amepanua miguu, kama vile ardhi ingeweza kulalia upande.

Ndipo ukasikika uvumi kwamba chuo cha kilimo kina wadudu wanaokula magugu hayo tu, hawagusi mpunga wala muhogo. Chedathi akaenda huko kwa mabasi matatu, akarudi amepakata beseni lililofunikwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na fukusi weusi, wadogo kama punje za haradali. Aliambiwa wachache hao wakitupwa mtoni watapotea. Kwanza awaweke kwenye kidimbwi cha nyumbani pamoja na magugu, wale, wazaane, halafu mvua zikianza awamwage kivukoni. Tena awatunze, maana hakuna wengine mpaka mwaka upite.

Basi yule aliyeyalaani magugu maisha yake yote akaanza kuyafuga. Aliyachota mtoni kwa kikapu, akayapanga kidimbwini nyuma ya nyumba, akayatilia kivuli cha makuti. Hakumweleza mtu. Alimjua Ouseph: akisikia, kopo moja la mafuta ya taa linamaliza ukoo mzima.

Pasaka ikapita, na watu wetu baada ya Pasaka hupanda kilima cha Malayattoor wamebeba msalaba. Chedathi naye akaenda. Wengine walipanda kuombea watoto wapate kazi Ghuba kwa Waarabu, wengine magoti yapone. Yeye aliwaombea fukusi kwa Mtakatifu Thomas, wazaane.

Sasa ukingo wetu una desturi yake. Mtu akienda kilimani, waliobaki humsafishia nyumba, ili dhambi alizoziacha kule zikimfuata zikose vumbi la kukalia. Na mwanamke anayeongoza kazi hiyo ni Rahel, jirani wa Chedathi, ambaye akishika ufagio hata paka hukimbia akijua atapanguswa.

Chedathi aliporudi, amebabuka kwa jua, aliwakuta wanawake wamejipanga uani wanatabasamu. Sufuria zinang'aa. Sakafu unaweza kulia wali juu yake. Rahel akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba taratibu, kama anayempeleka bibi arusi.

"Haya, tazama!"

Kidimbwi kilikuwa cheupe. Maji yametulia, anga limo ndani, na wingu moja.

"Kilikuwa kinatia aibu, Chedathi. Mtu amepanda kilima kitakatifu, anarudi kwenye uchafu? Tumetoa wote. Nimesugua kuta kwa mikono yangu."

Chedathi akayainamia maji. Wanawake waliona machozi, wakafurahi, wakajua kazi imepokelewa.

"Na uchafu wenyewe, Rahel mdogo wangu, mmeupeleka wapi?"

"Swali gani hilo? Pale tunapotupa wote. Kwa Ouseph."

Nyuma ya nyumba ya Ouseph kuna mfereji usiotoka upande wa pili, na tangu magugu yaingie nchi hii kila nyumba ilitupa yake humo. Ouseph aligomba mpaka sauti ikamkauka, mwishowe akahamishia boti lake gatini akaacha.

Chedathi akawapikia wanawake chai, akawashukuru mmoja mmoja, kisha akaenda kwa Ouseph bila hata kubadili nguo za safari.

"Kaka Ouseph, naomba magugu yaliyo mferejini mwako. Nitayatoa mwenyewe."

Ouseph alikuwa anakula muhogo na samaki wa pilipili. Akaweka tonge chini.

"Rudia."

"Naomba magugu."

"Miaka yote mnanitupia. Nimelia mbele ya halmashauri, nimelia mbele ya padri. Leo unakuja na miguu yako kuyaomba. Kuna nini humo?"

Hapo mtu mwingine angesema hakuna kitu. Lakini Chedathi alikuwa ameshuka kilimani asubuhi ile, roho yake imefuliwa, na kusema uongo kabla jua halijazama aliona ni kumdhalilisha Mtakatifu Thomas.

"Kuna kitu," akasema. "Ila siwezi kukuambia."

"Kitu cha maana?"

"Kwangu mimi, cha maana sana."

Basi amejimaliza. Ouseph akanawa mikono polepole.

"Chedathi, wewe ni dada yangu, nakuheshimu. Lakini mfereji ni wangu na kilichomo ni changu. Nenda salama."

Siku ya pili mfereji ulikuwa umezungushiwa ua wa makuti. Siku iliyofuata Ouseph alitoa kiti cha sebuleni akakaa hapo mwenyewe na mwavuli. Kijiji kikachemka. Mmoja akasema magugu ya Afrika yanatibu kisukari. Mwingine akasema Waarabu wanayatengenezea mafuta ya nywele, na shemeji yake aliyeko Ghuba ameona chupa. Rahel alikuja kumgombeza Chedathi: "Ungeniambia ni mali, ningekusafishia sakafu tu!" Mtu aliyepita karibu na ua akiwa na kikapu alifukuzwa. Ouseph akaanza kumwaga mferejini samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, magugu yanenepe. Yakanenepa. Na fukusi, ambao hakuna aliyejua wapo isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa akichungulia kutoka mtumbwini, wakala kama wageni wa harusi.

Chedathi alipungua mwili. Kila aliyevuka alimwona anageuza shingo kuelekea kwenye ua ule. Mvua zikaanza, kivuko kikazidi kujaa, Vasu akapita akatikisa kichwa akapita zake.

Kisha magugu ya Ouseph yakaanza kubadilika rangi. Kwanza ncha, kama mkate ulioungua. Halafu yote yakawa ya kahawia, yanalegea, yananuka.

Ouseph akapatwa na hofu ya muuza samaki saa sita mchana. Mali inaharibika na mnunuzi hajulikani! Akajaza kikapu, akapanda basi mpaka sokoni Alappuzha, akasimama kati ya wauza karanga na wauza bata.

"Unauza nini, mzee?" wakamuuliza.

"Nyie semeni bei."

"Bei ya nini? Hayo si magugu?"

"Ni ya Afrika."

"Kwetu yapo ya Afrika mpaka mlangoni! Chukua yetu uyauze pamoja!"

Wauza bata walicheka mpaka bata wakaanza kupiga kelele. Ouseph alirudi na basi hilohilo, kikapu mapajani, na abiria wakafungua madirisha ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Asubuhi yake akaajiri vibarua na mashua mbili. Wakabomoa ua, wakazoa mfereji wote, wakaja kuyamwaga katikati ya kivuko cha Chedathi, mzigo juu ya mzigo.

"Uliyataka!" Ouseph akapiga kelele akiwa amesimama kwenye mashua. "Umenichezea, mwanamke! Haya, chukua, uyale yote!"

Chedathi alikuwa ukingoni. Alijaribu kuuweka uso wa msiba, ukakataa. Akageuka upesi, akajifunika kwa shuka, na mabega yakaanza kutikisika. Yalitikisika sana. Ikabidi ashike mnazi.

Ouseph aliyaona yale mabega akadhani ni kilio. Si mtu mbaya, ana mdomo tu. Alimjua marehemu mumewe. Jioni akatuma chungu cha bata wa nazi, na salamu kwamba hasira ni hasara, amsamehe. Chedathi akala, nusu akicheka nusu akiona haya, akakirudisha chungu na samaki ndani, maana chungu hakirudi kitupu.

Onam ikakaribia. Kivuko kikageuka kahawia kuanzia pale mizigo ilipomwagwa, kikaenea pande zote, mkeka ukawa unazama vipandevipande. Harufu ilikuwa ya kuzimu. Padri alifupisha mahubiri. Lakini siku Vasu alipokuja kukata shauri, katikati bado palikuwa na ukanda wa mizizi iliyooza, mirefu kama nywele.

"Tuone kwa macho," akasema Vasu. "Ouseph, nivushe."

Ouseph akawasha injini. Boti likaondoka kwa fahari, likaingia kwenye ukanda, likakohoa. Mizizi ikajisokota kwenye propela, injini ikalia, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Ouseph akavuta kamba. Akavuta tena, akaitukana, akaiomba. Boti likabaki pale, na Vasu ndani yake na shuka lake jipya la sikukuu, amebana pua.

"Chedathi!" Vasu akaita kwa sauti ya puani. "Chedathi wee!"

Alikuwa njiani tayari. Upondo uliingia kwenye uozo ule kama kijiko kwenye uji. Akamchukua mjumbe. Ouseph akakataa kuhama, kisha harufu ikamshauri, akahama.

Katikati ya mto akauliza bila kumtazama, "Sasa niambie. Kulikuwa na nini?"

"Fukusi, kaka. Wa kutoka chuoni. Ndio waliokula haya yote. Walitupwa kwako kwa bahati mbaya."

Ouseph akatazama maji, akatazama nyuma kwenye boti lake, akahesabu moyoni samadi yake na jua lililomchoma kitini.

"Kwa hiyo aliyewalea ni mimi?"

"Wewe. Mimi pengine wangenifia."

Masharubu yakainuka kidogo. "Mjumbe, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Vasu. "Kivuko kinabaki kwa Chedathi."

"Kibaki, nani anakitaka kivuko kinachonuka hivi? Lakini andika kwamba wadudu ni wangu. Mimi ndiye niliyewalisha."

"Kaa katikati, kaka Ouseph," akasema Chedathi akisukuma upondo. "Unanilazia mtumbwi."