Kazi ya Mpunga Sikioni mwa Yaya

Ninyi vijana mtakaosoma haya, ninawaona. Mnalala na vile vidude masikioni, mtu msiyemjua anawanong'oneza, anakwaruza kitambaa, anagonga kikombe kwa ukucha, na ninyi mnalegea kama nguo iliyolowa. Mjukuu wangu mmoja alinitia kimoja sikioni ili anichekeshe. Sikucheka. Nilikitoa nikakiweka juu ya meza, nikatoka nje kukaa peke yangu. Ile kazi ninaijua. Niliifanya kwa mdomo wangu mwenyewe nikiwa mtoto, wakati wa Wabelgiji, huku kwetu kati ya Kabambare na Wamaza. Kwa mapadri nilisoma miaka miwili tu, basi msitafute maneno mazuri hapa.

Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyenifundisha, bila kusema kwamba ananifundisha. Nikishikwa na homa alinilaza kwenye mkeka, akakaa karibu na kichwa changu na ungo wa mchele. Alipepeta polepole, karibu kabisa na sikio, hata upepo wa ungo nikausikia shavuni. Na huku ananihesabia kazi ya mpunga kwa lugha yetu, kwa sauti ambayo haifiki mlangoni: tunakata mpunga, tunafunga, tunajitwika, tunaanika, tunatwanga, tunapepeta, tunachagua mawe, tunaosha, tunapika. Basi. Halafu anarudi shambani, anaanza upya.

Mwili ulikuwa unafanya hivi. Kwanza kisogoni, kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi, lakini hawaumi. Wanashuka shingoni, wanafuata mgongo mpaka kiunoni. Mabega yanaanguka. Vidole nilivyokuwa nimekunja vinafunguka vyenyewe. Pumzi inashika mwendo wa ungo, ungo ukipanda inaingia, ukishuka inatoka. Homa ilikuwa palepale, ngozi inachoma, ila mimi nilikuwa nimeondoka nikaiacha. Kumbukeni hilo. Mimi niliondoka, homa ilibaki.

Bibi alipokufa nilikuwa na miaka kumi na moja au kumi na miwili, hakuna aliyeandika. Nilianza kuwafanyia watoto wadogo wa nyumbani, nikaona wanalala. Halafu likaja jambo la shemeji.

Shemeji ni bwana wa yaya, yaani dada yangu mkubwa. Tulizaliwa wawili tu na mama. Ule mwaka kila mwanaume alipewa na serikali kipande chake cha shamba la pamba, apende asipende, na pamba ya shemeji ilikutwa na majani na mchanga. Watu wa serikali walimlaza chini mbele ya watu, wakamchapa fimbo. Walimrudisha nyumbani akilala kwa tumbo, anasaga meno hata tukasikia kwenye uwanja. Yaya akaja kunichukua mbio. Ungo sikuutumia, maana hakutaka kitu karibu na mgongo wake. Nililala chini kama yeye, mdomo kwa sikio, nikamwambia kazi ya mpunga. Nilipofika mara ya tatu kwenye kutwanga, meno yalinyamaza. Alilala mpaka jua likageuka.

Mama mkwe wa yaya alikuwa mwanamke mwenye kichwa juu. Alilitangaza jambo lile mtoni, alilitangaza kanisani. Baada ya hapo wakawa wananiita mpaka vijiji vya pili: mwenye jino, mwenye jipu, mama aliyefiwa ambaye hawezi kulala. Walinipa yai, walinipa kipande cha samaki. Shingo yangu ilirefuka. Tulipokaa kuchambua pamba, wanawake walinitania.

"Mutoto wa sikio, njoo kwangu! Bwana yangu anakoroma kama nguruwe, silali."

"Weye, ni yeye ndiye atulizwe. Mutoto amunong'oneze, akorome kidogo."

"Amunong'oneze? Hapana! Ataamuka na kuniomba mutoto wa sita!"

Walicheka, na mimi nilicheka nisichokijua.

Mwaka uliofuata yaya alikuwa na mimba yake ya kwanza. Lazima niwaambie desturi yetu, maana ninyi mnazaa hospitali na mnapiga kelele kama mnavyotaka. Zamani kwetu mwanamke mwenye uchungu hakulia. Akilia, aibu ni ya ukweni. Watu watasema: mulioa mwanamke gani, mutu wa kulia hivi? Walimpa kitambaa cha kung'ata. Yaya aling'ata tangu asubuhi, siku nzima, mtoto hakuja. Siku ya pili, jua likipanda, kitambaa kilimtoka mdomoni, akaanza kupiga kelele.

Mama yetu alikuwa pale. Alisema: "Tumupeleke Kabambare, kwa dispanseri." Ilikuwa safari ya nusu siku kwa miguu, na mgonjwa alibebwa kwa kipoyi, kiti cha miti miwili na kamba, wanaume wanne mabegani. Lakini wanaume wote walikuwa barabarani, wanafukia mashimo, maana Mzungu wa serikali alitazamiwa kupita na motokari yake. Mwenye kuwasimamia alikuwa kapita, mtu wetu lakini mkono wa Mzungu. Mama alikwenda kwake mbio, akapiga magoti kwenye vumbi.

Kapita alimjibu hivi. Mama alinieleza baadaye, neno kwa neno. "Mama, kila siku wanawake munakuja na magonjwa ya uongo, bwana zenu watoke kazini. Mimi nitakuja kusikia na masikio yangu. Nikisikia analia, nakupa watu wanne, na bwana yake ndani yao. Nisiposikia, usinirudilie."

Basi uhai wa yaya ulikuwa kwenye kilio chake. Mama alilijua hilo. Kapita alilijua. Sisi tuliobaki nyumbani hatukulijua.

Mama akiwa bado njiani, yaya alipiga ukelele mmoja usiofanana na mingine. Ulikuwa mfupi. Akasema, "Kimekatika." Hakusema kitu gani. Mama mkwe wake akaniona nimesimama mlangoni, akanivuta mkono.

"Kaa pale kwa kichwa. Ulituliza mutoto wangu, tuliza na muke wake. Nyumba yangu iko soko? Watu wasikie hivi mpaka wapi?"

Nilichukua ungo. Nilikaa. Jasho lake lilikuwa baridi, na mimi nikafikiri, afadhali, hana homa. Nilianza kupepeta karibu na sikio lake la kushoto, nikaweka mdomo.

Tunakata mpunga. Tunafunga. Tunajitwika.

Nywele ndogo za shingoni mwake zilisimama. Niliziona. Mabega yalianguka. Mkono uliokuwa umeshika mkeka ukafunguka, kidole kimoja kimoja. Pumzi ikashika ungo. Nilikuwa sijawahi kufanya vizuri vile, wala kwa shemeji, wala kwa mtu yeyote, na niliona utamu wa kazi yangu mwenyewe moyoni. Ninawaambia bila kuficha: nilifurahi.

Alifungua macho kidogo. "Umefika wapi?"

"Tunapepeta."

"Hapana kupika bado," alisema.

Basi sikupika. Nilipofika kwenye kuosha nilimrudisha shambani. Nilifanya hivyo mara nyingi, sijui ngapi.

Ndipo niliposikia viatu nje. Ni kapita tu aliyekuwa na viatu pale kijijini. Na sauti ya mama, anahema: "Iko humu, baba, iko humu."

Viatu vikasimama. Kapita alikuwa anasikiliza, kama alivyoahidi. Ungo wangu ulikuwa unaenda, shh, shh. Hakuna kingine.

"Nasikia kuku tu," alisema kapita. "Mwenye kulia iko wapi?"

"Alilia, baba! Alilia asubuhi yote, uliza watu!"

Na mama mkwe akatoka mlangoni, anafuta mikono, uso unang'aa. Alitaka kumheshimu mgeni na kuiheshimu nyumba yake. "Amelala, baba kapita. Amelala vizuri. Mutoto huyu amemutuliza. Sisi hatuna wanawake wa kulia hapa."

"Munaona?" kapita alimwambia mama, na hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu aliyechoka. "Mutu analala, weye unataka kumutikisa kwa njia mpaka Kabambare. Muache apumuzike. Muzungu akikuta mashimo, fimbo ni ya mugongo wangu, hapana ya wako."

Viatu vikaondoka.

Mama aliingia. Alinipokonya ungo, mchele ukamwagika. Alifunua kitenge. Mimi nilikuwa natazama uso wa yaya tu, tangu mwanzo. Mtuliza-watu anatazama uso. Mama alitazama tumbo. Lilikuwa limebadilika umbo, limekaa upande, kama mzigo uliofunguka kamba ndani ya gunia. Midomo ya yaya ilikuwa na rangi ya unga wa muhogo. Mama alipiga ukelele ambao kapita aliusikia akiwa bado hajafika barabarani, na safari hii alileta watu wanne, shemeji mbele yao, mikono ina udongo.

Walifunga kipoyi haraka. Nilikimbia kando yao. Shemeji akaniambia, bila kugeuza kichwa, "Ongea naye. Ongea naye!" Nikaongea. Tunakata, tunafunga, tunajitwika. Kwenye kijito cha pili wabebaji wa nyuma walisimama. Walisema uzito umebadilika. Wabebaji wanajua. Jua lilikuwa bado juu. Waligeuza kipoyi, tukarudi.

Kwenye matanga mama mkwe aliwaambia watu: "Alikufa vizuri. Hakulia." Alisema kama sifa, na wanawake wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo. Mama yetu aliinuka akatoka. Mimi hakunilaumu hata siku moja. Lakini miaka mingi baadaye, alipoumwa, nilimkaribia kichwa, akageuza sikio lake upande wa ukuta.

Waliendelea kuniita. Nilikataa. Wakasema nimekuwa na kiburi.

Nilipoolewa Kasongo nilimuuliza mzalishaji mmoja kwenye maternite, hospitali ya kuzalia. Nilimweleza yote: ukelele mfupi, jasho baridi, kunyamaza. Aliniambia mwanamke mwenye uchungu wa siku mbili akinyamaza ghafla, na mtoto hajatoka, huo si usingizi. Labda ni kizazi chenyewe kilichokatika ndani, uchungu ukakoma nacho. Labda angenyamaza hata bila mimi. Nikamuuliza, "Labda?" Akasema, "Labda, mama. Mimi sikuwepo."

Mimi nilikuwepo, na sijui. Mabega kuanguka, vidole kufunguka, pumzi kwenda polepole: mwili unaopona unafanya hivyo, na mwili unaokufa unafanya hivyohivyo. Nilikuwa na mdomo sikioni mwake na sikuweza kuitofautisha. Sauti ya chini ni tamu, sikatai, na mwenye jino apewe. Lakini haiponyi kitu. Inamwondoa mtu, na ugonjwa unabaki na nyumba peke yake, na walio mlangoni wanasema afadhali.

Uchungu wangu wa kwanza ulinishika hapo Kasongo, Wabelgiji wakiwa bado hawajaondoka. Kabla haujakaza niliita watu wote wa nyumba: bwana yangu, mama mkwe wangu, mawifi wawili. Mama mkwe alikuwa tayari ameshika kitambaa cha kunipa ning'ate. Nilikitwaa nikakitupa motoni. Nikawaambia:

"Sikilizeni. Nikilia, muniache nilie, hata kijiji chote kisikie. Mutu asikuje kuninong'oneza. Kipoyi kifungwe sasa hivi, kikae mlangoni, na wanaume wanne wasiende mbali. Na nikinyamaza, musiseme nimelala. Munibebe."