Mstari wa Buluu

Leo daktari wa meno amefungua kichupa cha mafuta ya karafuu, nami nikarudi ghafla uani kwa bibi, Mji wa Kale.

Ilikuwa asubuhi ya Idi. Bibi alipasua kipande cha jiwe la wanja alilonunua Makadara, na ndani mkatokea vioo vidogo vya mraba. Katika kimoja niliona jicho langu. Bibi akalitwanga jiwe pamoja na karafuu na chumvi, hadi unga wote ukametameta.

“Hebu achama, mwanangu. Meno yang’are.”

Akanisugua kwa kidole, akicheka. Ufizi wake ulikuwa na mstari wa buluu penye mashina ya meno, mwembamba kama uzi wa pindo la leso. Urembo ule sijauona tena popote.

“Bibi, na mimi nitaupata lini?”

“Ukikua, inshallah.”

Nilimsimulia daktari haya nikicheka. Yeye hakucheka.

“Jiwe lile lina madini ya risasi,” akasema. “Ni sumu. Mstari ule ndio alama yake.”

Akanipa kioo. Nikaachama, na hata sasa sijui niliogopa nini zaidi, kuuona au kuukosa.