Fundi Odur na Wivu wa Cheti cha Majokofu

Jua halijapanda sawasawa, na Odur amechuchumaa nyuma ya friji ya Mama Nafuna, mwenye hoteli ndogo ya chai hapa Namuwongo, Kampala, karibu na reli. Mkononi ana brashi ya kunyolea ambayo nusu ya manyoya yameshakatika. Anaichovya kwenye povu la sabuni, anapaka bomba la shaba, kisha anangoja. Mahali penye tundu patatoa kiputo. Ndivyo gesi inayovuja inavyotafutwa.

Mama Nafuna amesimama pembeni. Macho yake yako kwenye sabuni, si kwenye friji. Ni kipande cha ukubwa wa kidole gumba, na siku hizi sabuni ni mali.

"Odur, hiyo sabuni unapaka bomba au unaoga?"

"Napaka bomba, mama. Kuoga nitaoga Krismasi."

Kiputo kinatokea kwenye kona ya chini. Odur anakiwekea alama ya mkaa. Wakati huohuo gari la kampuni linapita polepole kwa sababu ya mashimo, na mtu aliyekaa mbele, kando ya dereva, anapunga mkono. Amevaa koti la bluu lenye mfuko wa kalamu. Odur hapungi. Anazidi kuinamia bomba lake.

"Si Mansur huyo?" anauliza Mama Nafuna.

"Nimeona koti."

Mwaka 1971 Odur na Mansur walikaa benchi moja katika masomo ya jioni ya mitambo ya joto na baridi. Ada ya Odur ililipwa na kaka yake Okeny, askari aliyeishi kambi ya Mbuya. Mwaka uliofuata Okeny aliacha kuja nyumbani, kama askari wengi wa kaskazini siku zile. Akifika hapo Odur hubadilisha mazungumzo, na anayeuliza hujifunza kutouliza tena. Ada ikakatika, Odur akatoka na mwaka mmoja tu wa masomo. Mansur alikopa, akamaliza, akapata cheti.

Sasa ni 1976, na bila cheti hugusi chumba cha baridi cha bucha kubwa wala mitungi ya maji moto ya hoteli za mjini. Mansur analipwa shilingi mia tisa kwa mwezi. Odur, mwezi ukiwa mzuri, anapata mia nne, na nyingine hulipwa kwa matoke.

"Sitaficha, nina wivu," anasema, akifuta mikono kwenye suruali. "Yule tulifungua naye kompresa ya kwanza. Alikuwa anaogopa umeme kama paka anavyoogopa maji. Leo anakaa mbele, mimi nasukuma baiskeli. Nikisikia gari lile, shingo inageuka yenyewe."

Mwezi uliopita wivu ulimpeleka kutafuta mkopo ili amalizie masomo. Ada imefika shilingi elfu moja na mia nane. Anayewakopesha mafundi wengi wa upande huu ni Mzee Tajudin, mwenye duka, ambaye babu zake walikuja Kampala na misafara ya biashara kutoka pwani. Mzee ni mcha Mungu na riba haigusi. Hukopesha gunia la sukari. Ukishaliuza, fedha ni zako. Siku ya kulipa unamletea gunia la sukari, basi, hakuna hata kijiko cha ziada.

Odur aliona hiyo ni huruma tupu. Mkewe Alum, anayeuza karanga soko la Kalerwe, hakuona hivyo.

"Gunia la bei gani utarudisha?" alimuuliza.

"Gunia ni gunia."

"Wewe nenda tu. Sukari yenyewe mara ya mwisho uliiona lini?"

Odur alikwenda kwa Mansur kumwomba awe shahidi wa mkopo. Alimkuta nyumbani anakunywa chai kavu. Huko ndiko alikosikia hesabu. Mwaka 1972 Mansur alichukua magunia mawili, kila moja likiwa la shilingi mia tatu na kidogo. Amerudisha moja. La pili, kila akilikaribia, bei inakimbia; leo la magendo halishuki chini ya elfu mbili. Katika mshahara wa mia tisa, alioanza kuupata miezi miwili tu iliyopita, mia tano anaziweka kando kila mwezi kulifukuzia. Zinabaki mia nne, sawasawa na za Odur.

"Usichukue sukari, ndugu yangu," Mansur alimwambia.

"Nilijua utasema hivyo. Unataka mjini pawe na fundi mmoja tu."

"Kama ni koti, lichukue hapo msumarini uende nalo. Lakini na gunia ulibebe."

Salme, mke wa Mansur, alidakia kutoka ndani. "Mimi namwonea wivu Alum. Mumewe akileta mia, ile mia inalala nyumbani."

Odur alirudi amekasirika, akidhani mke na mume wamepanga maneno. Alum alimsikiliza huku akipembua karanga, akapuliza maganda, halafu akasema: "Kopa, lakini ukope karanga. Sukari ikipanda, sisi tutaitoa wapi? Karanga zikipanda, mimi ndiye ninayeuza, na mama yangu kule Lira ndiye anayelima."

Mzee Tajudin, ambaye pia hununua karanga za kaskazini, alilifikiria jambo hilo tangu adhuhuri hadi alasiri.

"Utaniletea zenye wadudu," alisema.

"Nitaleta mpya za mavuno, mzee," Odur alimjibu. " Utachagua mwenyewe."

Walipatana magunia manne, yarudishwe kwa mavuno mawili. Alum aliyauza Kalerwe, na ada imelipwa. Masomo yanaanza Jumatatu.

Hatari ipo. Kuna mvua, na kuna vizuizi vya askari barabarani kati ya Lira na Kampala, ambapo gunia huweza kushushwa na mwenyewe akabaki anatazama. Odur anajua. "Mambo yakiharibika nitakuwa na deni kama la Mansur," anasema, "ila langu litakuwa na maganda."

Juzi Mansur alipita Kalerwe kumuuliza Alum kama Mzee anaweza kumbadilishia gunia lililobaki liwe la karanga. Alum alimwambia akaulize mwenyewe. Odur alipohadithiwa alitabasamu hadi chakula kikapoa.

Mpango wake ni kufungua karakana yake hapahapa, ahudumie mabucha bila kuandikwa na kampuni yoyote. Mahali pa kutundika cheti ameshapachagua. Ni ukuta unaotazama barabara.

"Mansur akipita akione," anasema.

"Na deni utalitundika wapi?" anauliza Alum.

Odur anachukua karanga moja kwenye ungo wake. "Hilo tutalipanda shambani kwa mama, wewe na mimi, mvua ya kwanza."