Miligramu Ishirini na Tano

Inatangazwa kwa wagonjwa wote, lilisema tangazo lililobandikwa juu ya dirisha la dawa, lenye mhuri mmoja na saini mbili, kwamba mgonjwa wa presha mwenye uzito uliopita kiasi akipatwa na kisukari, chanzo ni uzito wake na mwenendo wake wa kula, na asitafute sababu nyingine. Neno "nyingine" lilikuwa limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, huenda na mtu aliyekwisha kuchoshwa na watafutaji.

Fundi mizani alilisoma tangazo hilo kila mwezi kwa miaka mitatu na hakuwa na ugomvi nalo. Alikuwa na kilo mia moja na kumi na sita, na yeye ndiye mtu wa mwisho ambaye angethubutu kuisingizia mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye maduka, mabucha, maghala na viwanda vya unga akiwa na mfuko wa mawe ya shaba, kuhakikisha kwamba kilo ya kila mtu ni kilo. Watu walimwita Ratili, jina la kipimo cha zamani, na mkewe alisema jina hilo limemkaa kuliko shati lolote alilowahi kumnunulia.

Kidonge cha presha alianza kukimeza akiwa na miaka hamsini na moja. Sukari ilikuja mwaka wa pili, taratibu, kama mgeni aliyeingia sebuleni bila kupiga hodi. Mwaka wa tatu mgeni akawa amevua viatu.

Kilichomtisha Ratili si sukari yenyewe bali vidole. Mizani ndogo ya sonara haitengenezwi kwa macho peke yake. Fundi hugusa makali yanayobeba mkono wa mizani, na ncha ya kidole ndiyo inayomwambia kama pana kitu, hata chembe ya vumbi. Sasa ncha hizo zilikuwa zikichomachoma, na asubuhi nyingine zilikuwa zimekufa ganzi hadi saa nne. Daktari wa kliniki, mwanamke mwembamba aliyesema mambo bila kuyazungusha, alimweleza kwamba sukari ikibaki juu ganzi itapanda na haitarudi. Ratili hakuhitaji tafsiri. Fundi mizani asiyehisi ni muuza vyuma chakavu.

Basi nyumbani vita vikaanza. Mkewe aliondoa sukari kwenye chai, kisha akaondoa soda, kisha akapunguza mkate mpaka kipande kikawa kinapitisha mwanga. Namba za asubuhi hazikusogea.

"Unakula wapi?" mkewe alimuuliza siku moja, akiitazama mashine ndogo ya kupimia damu.

"Hapa. Mbele ya macho yako."

"Na kazini?"

"Kazini nakunywa maji."

"Leo si ulikuwa kiwanda cha unga?"

"Mama watoto, unga hauliwi mkavu."

"Kwa mwili huo, sijui," alisema mkewe, na akaenda kuficha asali.

Hapo ndipo palipomuuma. Mtu aliyetumia miaka thelathini kuwakamata wanaopunja alikuwa sasa anatazamwa kama mwizi wa vijiko. Kliniki nako, kila alipoapa kwamba amefuata masharti, muuguzi alilitazama tumbo lake kwa upole, akaandika: "Mgonjwa anashauriwa tena kuhusu lishe." Tumbo lilikuwa limeshatoa ushahidi.

Kazi ya mizani ina kanuni moja ambayo kila fundi huirithi kwa fundi aliyemfundisha, aghlabu pamoja na kofi. Mizani ikidanganya, usiguse vitu viwili kwa mpigo. Ondoa kimoja, viache vingine vyote kama vilivyo, kisha tazama mshale unaelekea wapi. Ratili aliketi na daftari lake la namba na kuona kwamba vya kuondoa vimekwisha. Chai ilikuwa chungu, asali imefichwa, mkate unapitisha mwanga. Kitu kimoja tu kilikuwa kikiingia mdomoni mwake kila siku bila kukosa tangu kabla sukari haijaja, na kilitoka kliniki.

Akakiondoa. Hakumwambia mtu. Fundi mwingine yeyote, wa maji au wa umeme, angeuliza kwanza. Fundi mizani huuliza mshale.

Na mshale ukajibu, hilo ndilo la ajabu. Kwa siku kumi na sita alikula vilevile, akatembea vilevile, akalala vilevile, na sukari ya asubuhi ikateremka kutoka kumi na nukta moja hadi nane na nukta sita. Alizitazama namba zile kama mtu aliyeona jiwe la shaba likipungua lenyewe.

Siku ya kumi na saba alikuwa kiwanda cha unga, ameinama mbele ya mizani ya magunia, ile yenye magurudumu. Namba zikawa mbili mbili. Kichwa kikaanza kugonga kama mtu aliyefungiwa ndani, na damu ikamtoka puani ikadondokea shati. Wapakiaji wakaona hawawezi kumbeba. Wakamkalisha juu ya mizani ileile na kuisukuma hadi kliniki, mitaa miwili, mshale ukitikisika kifuani pake njia nzima.

"Mia na kumi na nane," Ratili alisema kwa sauti ya puani, kitambaa kikiwa usoni. "Inazidisha kilo mbili."

"Mzee, nyamaza," alisema mpakiaji mmoja. "Utakufa ukihakiki."

Presha yake ilikuwa mia mbili na kumi juu, mia na ishirini na nne chini. Daktari aliisoma mara mbili, akampa dawa ya kuishusha, akakaa kitini karibu naye mpaka ilipoanza kushuka. Mkewe alifika akiwa amevaa kiatu cha kushoto cha jozi moja na cha kulia cha jozi nyingine, akasikia habari za siku kumi na sita, akageukia ukuta.

"Nani alikuambia uache dawa?" daktari aliuliza.

Ratili akatoa daftari mfukoni. Daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa amejiandaa kugomba, lakini polepole uso wake ukasahau ugomvi.

"Ulikula vilevile?"

"Muulize huyo. Ameficha asali mpaka mwenyewe hajui iko wapi."

"Najua iko wapi," alisema mkewe, bado ukutani.

Daktari akafunga daftari. "Kidonge hiki kinazifungulia figo mlango," alisema. "Maji yanatoka na chumvi inatoka, presha inashuka. Lakini kuna madini mengine yanafuata mkumbo. Yakipungua mwilini, kongosho, ile tezi inayotoa insulini, inalegea. Kwa mtu mwembamba huenda usione kitu. Kwa mnene, insulini tayari inafanya kazi ya punda. Ukimpunguzia punda nguvu kidogo tu, mzigo unalala njiani."

"Kwa hiyo mshitakiwa ni nani? Mimi au kidonge?"

"Wewe ndiye mshitakiwa. Kidonge ni mshirika." Akamtazama. "Na mshirika huyohuyo amekuzuia usipooze kwa miaka mitatu. Ulikuwa sahihi, baba, na ulikuwa karibu kufa kwa kuwa sahihi. Zipo dawa nyingine za presha zisizoigusa sukari hivyo. Ungeuliza tu."

Mkewe akageuka. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Nami nilikuwa nalaumu mkate."

Wiki ileile, mchana, Ratili akiwa nyumbani kwa mapumziko ya lazima, alichukua kidonge kimoja cha zamani akakiweka kwenye mizani ya sonara aliyokuwa akiitengeneza. Miligramu mia moja na tatu. Kwenye boksi waliandika kwamba dawa yenyewe ni ishirini na tano. Kilichobaki ni wanga wa kuishikilia. Akachukua penseli, akagawanya mwili wake kwa dawa ile. Alirudia hesabu mara tatu, kwa kuwa hakuiamini.

Ilikuwa mara milioni nne, laki sita na elfu arobaini.

Aliweka penseli chini. Mizani ya magunia haihisi kijiko cha unga. Mizani ya gari kubwa haihisi dereva akikohoa. Mizani bora kuliko zote alizopata kuzishika maishani ilikuwa inachoka kwenye sehemu moja katika laki mbili. Na huu mwili, aliokuwa akiubeba kwenye ngazi huku akiutukana, uliokuwa ukichekwa na watoto wa mitaani na kushauriwa tena kuhusu lishe, ulikuwa umehisi sehemu moja katika milioni nne na zaidi, ukasogeza mshale, na kutoa taarifa kila asubuhi kwa miaka miwili kwa yeyote aliyetaka kusoma. Alikaa akiutazama mkono wake uliolala mezani. Mkewe alipoingia na chai chungu alimkuta vile.

"Nini tena?"

"Sijawahi kutengeneza kitu kama hiki," alisema Ratili.

"Hukukitengeneza. Kunywa."

Kliniki akapewa kidonge kingine cha presha. Miezi mitatu baadaye kipimo kikubwa cha sukari, kile cha wastani wa miezi mitatu, kilikuwa kimeshuka kutoka nane na nukta tisa hadi saba na nukta saba, na presha ilikuwa imetulia. Ratili hakufurahi kikamilifu, kwa sababu katika miezi hiyohiyo mkewe alikuwa amemlazimisha kwenda kazini kwa miguu na kilo tano zilikuwa zimetoka.

"Umegusa vitu viwili kwa mpigo," alimlalamikia. "Sasa nitajuaje kipi kimefanya kazi?"

"Usijue," alisema mkewe. "Ishi."

Ganzi haikuondoka, ila haikupanda. Asubuhi anasubiri hadi saa tatu badala ya saa nne, kisha anaendelea na makali ya mizani za masonara kama kawaida.

Jumatatu iliyofuata daktari aliagiza faili za wagonjwa wote wanene wa presha waliokuwa wakitumia kidonge kile cha kwanza na ambao sukari yao ilipanda baadaye. Karani wa masijala alizileta kwa toroli. Alikwenda safari mbili.