Kura Zetu za Majani ya Chai

Nikiona kwenye televisheni watazamaji wakipigia kura filamu bora, hasira ya miaka ya sabini inanirudia. Nilikuwa mchuma chai Kericho, na kila mwezi gari la sinema lilikuja kambini kwetu. Mwaka ulipokaribia kuisha, karani wa mizani alitutangazia tuchague filamu bora, irudiwe Krismasi. Aliweka vikapu viwili: kimoja cha filamu ya wapanda farasi wenye bunduki, kingine cha ile ya mjane aliyekataa kufukuzwa shambani mwake. Kila mtu angetia jani moja la chai.

Sisi wanawake tulijaza kikapu cha mjane. Tulitia majani magumu, kwa sababu yale laini yalikuwa ya kiwanda, na ukipatikana nayo mfukoni, kazi imeisha.

Karani aliinamia kikapu chetu kama yuko kwenye mizani, akachambua, akamwaga yote chini.

"Mama, haya ni magumu," akaniambia. "Hayapokelewi."

Kwani kura zilikuwa zinaenda kupikwa?

Krismasi tulionyeshwa farasi. Na wanaume, ambao majani yao yote yalikuwa laini, hakuna aliyewauliza waliyatoa wapi.